Namba Moja, Mtu Mmoja

Mtu akikuambia wananchi hawana la kusema, mwambie aje akae kwenye kiti changu siku moja. Mimi ni karani wa maoni katika manispaa. Zamani kazi hii ilikuwa ya daftari: mkutano unaitishwa ukumbini, wanakuja watu mia, wanasema kumi, mmoja anagombana na mwenyekiti, nami naandika. Siku hizi mkutano umehamia kwenye simu. Manispaa ina jukwaa lake; unajiandikisha kwa namba yako, unaulizwa jambo, unapiga kura na kuandika maoni yako. Yote yanaishia kwenye kompyuta yangu, chumba namba tisa, ghorofa ya pili, jirani na choo ambacho mlango wake haufungi vizuri.

Kwa kila ujumbe nina vitufe vitatu. Pokea, maana yake umehesabiwa. Unganisha, maana yake umerudiwa, kwa hiyo unafungwa pamoja na mwenzake na kuhesabiwa mmoja. Rudisha, maana yake una kasoro, nami namwandikia mwenyewe afanye nini. Nisichokiamua kinakaa kwenye sanduku liitwalo Yanayosubiri. Na sheria kuu ya jukwaa ni namba moja, mtu mmoja. Sheria hiyo niliitunga mimi, tena nilipigiwa makofi kwa ajili yake, baada ya mwenye baa mmoja kupiga kura mia tatu na kumi kwa simu ileile ili kituo cha basi kihamie mlangoni kwake. Arobaini kati ya hizo alizipiga kwa jina la marehemu babu yake.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Mke wangu aliondoka miaka sita iliyopita bila ugomvi, kama abiria aliyefika kituo chake. Binti yangu ameolewa mbali. Hunitumia picha za wajukuu, nami humjibu kwa kidole gumba kwa sababu sijui niandike nini kingine. Simu yangu ikilia, ni kampuni ya simu inanitangazia kifurushi. Nina miaka hamsini na sita na napika chakula cha siku mbili kwa mkupuo mmoja. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku swali la zahanati lilipoingia.

Upande wa mashariki wa mji tulikuwa na zahanati mbili, moja juu kilimani na moja chini karibu na soko. Wauguzi hawakutosha, ikabidi moja ifungwe. Wakubwa hawakutaka kuamua wenyewe wakatukanwa, kwa hiyo waliwauliza wananchi kwenye jukwaa: ibaki ipi? Zilitolewa siku ishirini na moja za kupiga kura. Asiye na simu ya kufaa aliwekewa fomu ya njano. Anaijaza, anaweka sahihi au dole gumba, na fomu inarudi kwetu kabla ya saa sita mchana siku ya kumi na nane. Fomu hizo nilikuwa nazo mimi, rimu nzima, chini ya meza.

Siku ya pili ukaingia ujumbe huu: “Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na zahanati ya juu. Huku wengi wetu ni watu wazima. Simu zao ni zile za kubonyeza, na wengine hawana kabisa. Nitawaandikia hapahapa mmoja mmoja, kila mtu kwa maneno yake. Mimi nachagua ya juu. Anayefuata ni bibi wa mlango wa pili.”

Kazi yangu hapo ilikuwa wazi kama mchana. Nibonyeze Rudisha, nimwandikie mistari miwili: mama, namba moja ni mtu mmoja, wenzako watumie fomu za njano, ziko hapa. Kazi ya dakika tatu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe ujumbe wa bibi wa mlango wa pili ulipoingia.

“Goti langu limegoma. Kutoka kwangu mpaka zahanati ni hatua mia na nane, nimezihesabu. Kwenda ya chini sijahesabu, kwa sababu sijawahi kwenda na kurudi siku moja.”

Nikasema acha nione na wa tatu. Wa tatu alikuwa mke wa mzee wa mlango wa kijani: “Mume wangu atakwambia hana presha. Anayo. Tuandike wote wawili.” Dakika kumi baadaye akaingia mume: “Mke wangu aache kutangaza presha yangu serikalini. Nachagua ya juu, lakini si kwa sababu ya presha.”

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, hadi mwenzangu wa chumba namba nane akachungulia kuona kama nimepatwa na jambo. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini kabla ya hapo. Nikaziacha jumbe zote nne kwenye Yanayosubiri, nikajiambia nitazishughulikia kesho.

Kesho yake zikaingia jumbe tano. Nikajiwekea utaratibu: mmoja saa nne na chai, mmoja saa kumi kabla ya kufunga ofisi, na wa katikati nikizidiwa. Seremala mstaafu aliandika kwamba nesi wa juu hamuulizi jina, anamuuliza kama amekula. Mzee mmoja asiyesikia alitaka maoni yake yaandikwe kwa herufi kubwa, na fundi akayaandika yote hivyo, mpaka macho yangu yakauma. Nikawajua kwa milango yao na kwa maradhi yao. Jioni nikiwa nyumbani nakwangua sufuria, nilikuwa nawaza kama yule mama wa vidonda vya miguu amepata bandeji.

Jumatano ya wiki ya kwanza uliingia ujumbe wa mtu aliyesema ni mgane wa nyumba ya mwisho. “Mimi siumwi. Kila Jumatano naenda kupimwa presha kwa sababu nesi hunishika mkono akipima. Tangu mke wangu afariki hakuna mwingine anayenishika. Hilo la mwisho usiliandike, andika tu nachagua ya juu.” Chini yake fundi aliongeza: “Nimeliandika. Mungu atanisamehe.”

Huo sikuusoma na chai. Niliinuka nikafunga mlango, nikausoma tena nikiwa nimesimama. Chumba kile nimekaa miaka kumi na moja, na siku ile ndiyo mara ya kwanza niliona jinsi kilivyo kidogo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ni baya kuliko la kwanza. Jukwaa lina sehemu ya Tafadhali Fafanua, ya kumuuliza mtu pale maoni yake yasipoeleweka. Nikaandika kirasmi kabisa: “Tafadhali fafanua kama mzee wa mlango wa kijani anameza dawa zake.” Nilijua wazi kwamba halinihusu. Jibu lilikuja kabla ya saa kuisha.

“Mheshimiwa, ahsante kwa kuuliza. Anameza, ila anataka ieleweke kwamba ni kwa hiari yake. Na wewe umeamkaje?”

Watu mia saba hivi walikuwa wameandika kwenye jukwaa wiki ile, kudai, kulalamika na kutukana, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba upande wa pili kuna mtu anayelala na kuamka. Nikajibu: “Salama.” Nikaona ni fupi mno, lakini nilikuwa nimeshatuma.

Kuanzia hapo nilijua ninachokifanya. Nisidanganye. Nikibonyeza Rudisha, zitakuja fomu za njano. Kwenye fomu ya njano kuna jina, umri, alama ya vema na dole gumba. Hakuna nafasi ya goti wala ya mke anayechongea presha. Ningepata kura sitini safi, na ningebaki na kifurushi cha kampuni ya simu. Kwa hiyo kila asubuhi nilisema kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila matumbo yaliyokuwa yakiumizwa hayakuwa yangu.

Siku ya kumi na nane nilifika ofisini mapema. Nilikuwa nimeamua. Ningempigia fundi simu, ningekodi gari kupeleka fomu kilimani na kuzirudisha kabla ya saa sita. Saa tatu na nusu ukaingia ujumbe wa hamsini na nane, nikasema niumalizie huu kwanza. Saa nne Bosi akaniita mkutanoni. Mkutano ulikuwa wa nusu saa, kwa hiyo siutumii kama kisingizio. Nilirudi, nikakaa, nikautazama mlima wa watu wale kwenye kioo cha kompyuta, nikaona aibu ya kueleza kwa nini nimekaa kimya siku kumi na sita. Aibu ile ikanishika mpaka saa sita ikapita.

Siku ya ishirini na moja jukwaa lilijifunga lenyewe. Vilivyokuwa kwenye Yanayosubiri viliunganishwa vyenyewe, kama nilivyoagiza siku ya mwenye baa. Watu sitini na watatu wakawa mmoja. Ya chini ilipata kura mia nne na kumi na mbili, ya juu mia tatu na sabini na moja. Mtoto wa darasa la pili anaweza kufanya hesabu hiyo: wale sitini na wawili waliomezwa ndio waliokuwa ushindi.

Nilikwenda kwa Bosi. Ni mwanamke mwenye haki, simsemi vibaya. Nikamwambia kuna maoni yaliyounganishwa ambayo pengine yalikuwa ya watu tofauti.

“Yalitoka namba ngapi?” akauliza.

“Moja.”

“Na sheria inasemaje?”

“Namba moja, mtu mmoja.”

“Sheria yako hiyo, mzee wangu, na ilitusaidia sana. Walipewa fomu?”

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilisema, “Fomu zilikuwepo.” Hakuna neno la uongo ndani ya sentensi ile, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuuzidi. Bosi akaniambia matokeo yameshasainiwa, maji yakimwagika hayazoleki, na akaniomba nipeleke kwake ripoti ya maegesho.

Baada ya hapo ukimya. Saa nne nilikuwa nakaa na chai yangu, nasoma malalamiko ya mbwa na mitaro. Wiki ya tatu baada ya matokeo, kwenye kikapu cha Mengineyo ambako tunaweka yasiyo na mahali, nikauona ujumbe kutoka namba ileile ya fundi: “Mheshimiwa, tumeona matokeo. Tunadhani kuna kosa mahali, kwa sababu sisi peke yetu tulikuwa sitini na watatu. Zahanati wameifunga Ijumaa. Tunaomba ututazamie.” Niliusoma mara nyingi. Jumamosi nikavaa shati langu jeupe la ofisini, nikapanda kilimani kwa miguu.

Ni mwendo wa dakika arobaini. Nusu ya njia kuna ngazi za saruji, na kwenye ngazi hizo nilimkuta mwanamke mzee ameketi, kadi ya zahanati imebanwa kwapani, yuko njiani kushuka. Alikuwa amenyoosha mguu mmoja na kulishika goti kwa mikono miwili. Nikamwamkia.

“Marahaba, baba. Pita tu, mimi nangoja hili liridhike,” akasema, akilipapasa goti.

Nilikuwa namjua. Nilijua hatua zake mia na nane. Yeye alimwona mwanamume mgeni anayemkodolea macho. Nikamuuliza kama nimshike mkono, akasema hapana, akishikwa mkono atazoea, na kesho hakuna wa kumshika. Nikaendelea kupanda. Sikugeuka nyuma.

Zahanati ya juu ilikuwa chumba kimoja na baraza, mlango una mnyororo na karatasi yenye mhuri wetu. Mkabala wake kulikuwa na kibanda chenye cherehani ya kukanyaga na benchi refu la mbao ukutani. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, miwani imefungwa uzi, anapinda suruali ya mtu.

“Habari za hapa, dada.”

“Nzuri, kaka. Karibu. Unashona au unarekebisha?”

“Natoka manispaa. Mimi ndiye niliyekuwa nawasoma.”

Mguu wake ukaacha kukanyaga. “Wewe ndiye uliyeuliza habari za dawa?”

“Mimi.”

Akatabasamu uso mzima. Akaondoa vitambaa kwenye benchi, akapangusa kwa kiganja. “Kaa basi. Nilijua mtakuja. Niliwaambia watu, hii ni mashine tu imekosea, lakini mule ndani yupo mtu.”

Ningeweza kuitikia. Mashine haina ndugu wa kuitetea. Lakini nilikuwa nimepanda dakika arobaini na nimemwona yule bibi kwenye ngazi.

“Mashine haikukosea,” nikasema. Nikamweleza yote: vitufe vitatu, namba moja, fomu za njano, saa sita mchana ya siku ya kumi na nane. Alinisikiliza bila kunikatiza, suruali ya mtu ipo mapajani.

“Hizo fomu zilikuwa wapi?”

“Chini ya meza yangu.”

“Na ulijua lini kwamba tunazihitaji?”

“Siku ya pili.”

“Sasa mbona hukusema, kaka? Maneno mawili tu.”

“Kwa sababu mngeacha kuniandikia.”

Nilidhani atanifukuza, na ningefurahi kufukuzwa. “Huna mtu,” akasema, na hakuwa anauliza.

“Sina.”

“Si ungepanda tu? Njia ndiyo hiyo umeiona. Ungekuja ukakaa hapo ulipokaa, na fomu zako mkononi. Wangekusimulia mpaka uchoke. Benchi hili halijawahi kumkataa mtu.”

Katika siku zote ishirini na moja, wazo hilo halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nimejisahaulisha kwamba wale watu wana mahali wanapokaa, na kwamba kuna njia ya kufika.

“Sasa nikwambie na mimi langu,” akasema. Sauti yake haikupanda. “Wiki ya pili walitaka kushuka wote ofisini kwenu. Wote, na magoti yao na bakora zao. Seremala alishaanza kupanga nani atamsaidia nani. Mimi ndiye niliyewazuia. Nikawasomea ule ujumbe wako wa dawa, nikawaambia tulieni, msijichoshe, yupo mtu mule anatusoma.”

Akaichukua suruali, akaigeuza, akairudisha mapajani.

“Benchi hili lilikuwa halina nafasi. Asubuhi mpaka jioni watu, huyu anasema, yule anamsahihisha. Sasa wananisalimia wakipita. Hawakai. Hakuna aliyenitukana, lakini hawakai.”

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia naweza kuandika barua kwa Bosi, nikiri, hata kama nitafukuzwa. Nikamwomba basi awaambie wenzake kwamba nimekuja, na kwamba kosa si lake.

“Barua andika, ni kazi yako hiyo,” akasema. “Lakini mimi sipeleki salamu. Milango unaijua yote, kuliko mgeni yeyote aliyewahi kufika huku. Nenda ukaseme mwenyewe. Mimi siandiki tena wala sisemi tena kwa niaba ya mtu.” Akaweka mguu kwenye cherehani, na mazungumzo yakaisha.

Nikatoka. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mlango wa kijani. Nilisimama pale nikitafuta neno la kwanza, nisilipate, nikabisha hodi hivyohivyo. Ndani nilisikia mwanamume anamwambia mwanamke asijisumbue, atafungua yeye, na mwanamke akamjibu kwamba kwa mwendo wake mgeni atakuwa ameshaondoka. Mwishowe alifungua mwanamke. Aliniangalia usoni, akaliangalia shati langu jeupe, halafu akageuka akamwita mumewe kwa furaha, aje upesi, wameletewa nesi.